Boris Belousov, mwanakemia aliyegundua mmenyuko usiotulia

Boris Pavlovich Belousov, mwanakemia wa Urusi ambaye jina lake hutajwa kila yanapofundishwa mawimbi ya kemikali, alizaliwa Moscow mwaka 1893. Alisomea kemia Zurich, Uswisi, akarejea nyumbani Vita Kuu ya Kwanza ilipoanza, na kwa miaka mingi alitumikia jeshi katika utafiti wa kemia ya kivita.

Ugunduzi wake ulikuja akiwa amekwisha kuondoka jeshini. Mwaka 1951, akitafuta mfano rahisi wa namna seli hai zinavyovunja chakula, alichanganya asidi ya sitriki, bromati na chumvi ya seriamu ndani ya tindikali kali. Mchanganyiko ulikuwa wa manjano, ukapoteza rangi, ukarudi kuwa wa manjano, ukaendelea hivyo kwa vipindi vinavyopimika kwa saa.

Jarida alilolipelekea andiko lake lililikataa, kwa hoja kwamba jambo hilo haliwezekani: mmenyuko wa kemikali huelekea kwenye msawazo, haurudi nyuma. Hoja hiyo ilikuwa na kasoro. Kanuni ya pili ya themodinamiki hudai nishati huru ya mchanganyiko mzima ipungue; haizuii viambato vya katikati kupanda na kushuka njiani. Alipojaribu tena miaka kadhaa baadaye hakufanikiwa, na hatimaye taarifa fupi ilitoka mwaka 1959 katika mkusanyo wa muhtasari wa tiba ya mionzi, mahali ambapo wanakemia wachache mno wangeitafuta.

Mmenyuko huo uliokolewa na kijana Anatoly Zhabotinsky, aliyeanza kuuchunguza Moscow mwaka 1961 na kuiweka asidi ya maloniki mahali pa ile ya sitriki. Mwaka 1970, yeye na Zaikin walichapisha matokeo ya kuumwaga mchanganyiko katika tabaka jembamba: miviringo ya rangi ilizaliwa na kutanuka, kama moto wa nyika. Kiambato kimoja hujizidisha chenyewe, husambaa hadi sehemu jirani na kuiamsha. Nyuma yake bromidi huzuia mwako mpya kwa muda.

Hisabati ya mwendo wa namna hiyo ilikuwapo tangu 1937. Fisher nchini Uingereza, na Kolmogorov, Petrovsky na Piskunov katika jiji lilelile la Moscow, walichunguza milinganyo inayounganisha kujizidisha na kusambaa. Walionyesha kuwa wimbi hutulia kwenye kasi iliyo mara mbili ya kipeuo cha pili cha zao la kiwango cha kujizidisha na kigawo cha kusambaa. Ongeza kasi ya mmenyuko mara nne, wimbi litakimbia mara mbili tu. Mwaka 1972 Field, Körös na Noyes walieleza hatua za kemikali zenyewe, na leo milinganyo ya jamii hiyo hutumika kuchunguza mawimbi ya umeme katika misuli ya moyo.

Tuzo ya Lenin ya mwaka 1980 ilitolewa kwa Belousov, Zhabotinsky, Zaikin, Krinsky na Ivanitsky. Belousov alikuwa amefariki dunia mwaka 1970.