Mekatilili: Mama Aliyekataa Kunyamaza

Hebu niambie ukweli. Umewahi kuonewa mahali ukanyamaza, halafu usiku umelala chali kitandani ndipo maneno yote ya kujibu yakakujia? Basi hauko peke yako. Wengi wetu tumelelewa tukiambiwa kwamba mwenye adabu hajibu, na msichana ndiyo kabisa. Adabu ni kitu kizuri, sikatai. Lakini woga nao hupenda kujifanya adabu, na hapo ndipo tunapopotea. Futari bado, kaa nikupe habari za mama mmoja wa hapa hapa kwetu Kilifi.

Kwao aliitwa Mnyazi wa Menza, mzaliwa wa upande wa Ganze, karne ya 19. Alikuwa binti pekee kati ya ndugu wa kiume. Alipomzaa mwanawe Katilili akawa Mekatilili, yaani mama Katilili, vile vile tunavyoitana majumbani hadi leo. Nikwambie mapema kwamba hakuwa Muislamu, alifuata mila za Wagiriama. Tena kuna jambo linalotuhusu sisi moja kwa moja. Inasimuliwa kuwa ndugu yake mmoja alitekwa na wafanyabiashara Waarabu wa watumwa siku ya soko, asionekane tena. Mashamba ya Malindi ya wakati ule yalilimwa na watumwa, na wenye mashamba wengi walikuwa na majina kama yangu na yako. Ni aibu kulisema mwezi huu mtukufu, lakini kulificha ni aibu zaidi. Mtoto aliyeona ndugu yake akichukuliwa hivyo si ajabu akikua hapendi kuona mtu akichukuliwa tena.

Sasa twende mwaka 1912. Serikali ya Waingereza ilimpeleka Arthur Champion kuwatawala Wagiriama. Alitaka kodi ya nyumba, na alitaka vijana wakafanye kazi kwenye mashamba ya wazungu na kazi za serikali. Wagiriama walikuwa wakulima wanaojitosheleza, wakiuza nafaka zao wenyewe. Kwa nini waende kuwa vibarua? Kila mtu alinung'unika, lakini nyumbani kwake, mlango umefungwa. Wazee waliofanywa viongozi walikuwa wakilipwa na serikali, kwa hivyo ungetarajia waseme nini?

Mekatilili wakati huo alikuwa mjane, mtu mzima. Hakuwa na cheo, na baraza la wazee halikuwa mahali pa mwanamke kusema. Akatafuta njia yake. Alizunguka vijijini akicheza kifudu, ngoma ya matanga, na watu wakikusanyika anawaambia waziwazi yale waliyokuwa wakinong'onezana. Mwaka 1913 watu wakakutana Kaya Fungo, wakala viapo viwili, mukushekushe wa wanawake na fisi wa wanaume, kwamba hakuna kumtii Mwingereza. Umeona hapo? Hakusubiri ruhusa, na pia hakwenda peke yake.

Kisa kinachopendwa zaidi ni cha kuku. Wazee wanasimulia kwamba Champion aliitisha mkutano, Mekatilili akaja na kuku na vifaranga vyake. Akamtaka bwana mkubwa achukue kifaranga kimoja tu. Champion akanyoosha mkono, kuku akamrukia akamdonoa. Mama akamweleza kuwa hayo ndiyo yatakayompata akigusa wana wa Wagiriama. Hakumtukana mtu. Nadhani ndiyo sababu kisa hiki kimeishi zaidi ya miaka mia.

Lakini usidhani ukisema hapana mambo yanakwisha hapo. Oktoba 1913 alikamatwa pamoja na mzee Wanje wa Mwadorikola, wakapelekwa Kisii, karibu na Ziwa Viktoria. Januari 1914 wakatoroka. Kutoka Kisii hadi Kilifi ni zaidi ya kilomita 600 hata ungeruka kama ndege, na hawa walikuja kwa miguu, mama ambaye si kijana tena. Mimi kutoka stendi hadi nyumbani natafuta tuktuk!

Alipofika, kazi ikaendelea pale pale alipoiacha. Agosti 1914 serikali iliilipua Kaya Fungo kwa baruti, na vita vikazuka. Nyumba zilichomwa, mifugo ikachukuliwa, watu wengi wakauawa. Wagiriama wakatozwa faini ya rupia 100,000, watoe na vijana 1,000 wa kazi, na waliokuwa ng'ambo ya kaskazini ya mto Sabaki wakaamriwa kuhama mashamba yao mazuri. Mekatilili akakamatwa tena. Gharama ilikuwa kubwa, na kuna waliomlaumu, bila shaka wengine walikuwa wamezika watoto.

Mwaka 1919 aliachiliwa. Alirudi Kaya Fungo, safari hii akiongoza baraza la wanawake, yeye ambaye zamani hakuwa na nafasi ya kusema mbele ya wazee. Leo sanamu yake iko Malindi mjini, pengine umepita karibu nayo mara nyingi ukienda sokoni.

Alifariki mwaka 1924. Kaburi lake liko Bungale, Magarini, kaskazini ya Sabaki, ng'ambo ile ile ambayo serikali iliwaamuru Wagiriama waihame.