John Dopyera, fundi mhamiaji aliyetaka gitaa lisikike

Mwaka jana mzee mmoja wa mtaani kwetu hapa Gisenyi, aliyekaa Ubelgiji miaka mingi kabla ya kurejea nyumbani, aliniletea gitaa ambalo vijana wa karakana walilipokea kwa kicheko. Katikati ya kifua chake kuna sahani ya chuma yenye matundu, mfano wa kifuniko cha chungio. Wakaliita gitaa la sufuria. Mzee hakucheka. Analipiga katika kwaya ya kanisa lake, na tangu kwaya iliponunua kinanda cha umeme na spika kubwa, hakuna anayemsikia tena. Aliniambia kwamba nikishindwa, ataliweka juu ya kabati na kuacha kwaya.

Mimi ni fundi wa redio na vipaza sauti, si wa magitaa. Niliogopa kazi ile, hasa kwa kuwa fundi mwingine alikwisha kulitoboa ubavuni na kulirudisha hivyo hivyo. Kichwani mwa gitaa pameandikwa Dobro. Kabla ya kushika bisibisi nilitafuta habari za neno hilo, nikakutana na maisha ya mtu ambaye wengi wanaovuka mpaka huu watamwelewa haraka.

John Dopyera alizaliwa mwaka 1893 katika kijiji cha nchi ambayo leo ni Slovakia, wakati huo ikiwa chini ya dola ya Austria na Hungaria. Walizaliwa watoto kumi. Baba yao alikuwa msagishaji wa nafaka, lakini pia mpigaji wa fidla na mtengenezaji wake, na John alitengeneza fidla yake ya kwanza akiwa bado mtoto, baba amesimama pembeni. Mwaka 1908 familia ilihamia California, Marekani. Kijana wa miaka 15, lugha ngeni, mikono yenye ufundi. Wasomaji waliokulia kambini au ugenini wanajua mikono ndiyo mzigo usiopekuliwa na forodha.

Katika miaka ya 1920 alikuwa na duka lake mjini Los Angeles, akitengeneza na kukarabati fidla na banjo. Hapo ndipo alipofika George Beauchamp, mpigaji wa gitaa la mtindo wa Hawaii katika majumba ya maonyesho. Shida yake ilikuwa ile ile ya mzee wangu. Matarumbeta na ngoma za bendi zilimmeza gitaa. Umeme wa jukwaani haukuwa umefika kwenye magitaa. Beauchamp alitaka chombo chenye pembe kama ya gramafoni. Dopyera alimtengenezea, na hakikufaa kitu.

Fundi hakuishia hapo. Alifikiria jinsi gramafoni inavyogeuza mtikisiko kuwa sauti, akaanza kujaribu vifaa mbalimbali hadi alipofika kwenye alumini nyembamba iliyofinyangwa kama koni. Akaweka koni tatu ndani ya mwili wa chuma, akaziunganisha kwa kipande cha chuma chenye umbo la herufi T, na juu yake daraja la nyuzi. Uzi ukipigwa, daraja linatikisika, koni zinatikisika, na hewa inasukumwa kwa nguvu ambayo ubao peke yake hauwezi. Ni spika isiyo na umeme. Aliomba hataza mwaka 1927.

Fedha zikapatikana upesi. Jamaa wa Beauchamp aliyekuwa na urithi alitoa dola 12,500, na kampuni ya National ikaanza kazi. Wapigaji wa blues kama Tampa Red walizinunua, maana gitaa hilo lilisikika barabarani na ukumbini bila waya wowote.

Hapo ndipo biashara ilipoingia mchanga. Walikuja kutengeneza gitaa la koni moja, rahisi zaidi, na Beauchamp akaliombea hataza kwa jina lake. Dopyera alisema wazo lilikuwa lake. Kufikia mwaka 1929 alikuwa ameondoka kwenye kampuni iliyojengwa juu ya uvumbuzi wake mwenyewe. Anayefanya biashara ya ubia hapa mpakani bila karatasi hana haja ya kuelezwa zaidi.

Pamoja na nduguze alianzisha kampuni nyingine na kuiita Dobro. Ni kifupi cha ndugu Dopyera, na kwa Kislovakia neno hilo hilo lina maana ya wema. Kwa kuwa koni ya kwanza ilikuwa imefungwa na hataza ya wengine, aliigeuza. Badala ya kusimama kama kichuguu ikawa kama bakuli, na juu yake akaweka chuma chenye miguu minane, kinachoitwa buibui, kinachobeba daraja na kukanyaga ukingo wa koni. Mwili ukawa wa mbao, bei ikashuka. Kwa maoni yangu hiyo ndiyo kazi yake bora kuliko ile ya kwanza, kwani aliifanya akiwa amefungiwa mlango.

Kampuni hizo mbili zilishtakiana, kisha mwanzoni mwa miaka ya 1930 zikaungana, na mwaka 1936 zikahamia Chicago. John hakuhamia huko, alibaki magharibi. Beauchamp naye alikuwa amekwisha kupata jibu jingine. Alijaribu sumaku na waya uliozungushwa, na mwaka 1932 gitaa la umeme alilolibuni likaingia sokoni kupitia kiwanda cha Adolph Rickenbacker, mtu ambaye awali aliwatengenezea National miili ya chuma. Yaani mteja aliyemletea Dopyera swali ndiye aliyeleta chombo kilichofanya jibu la Dopyera lionekane la zamani, na yote hayo ndani ya miaka mitano hivi. Beauchamp alifariki mwaka 1941.

Dopyera aliishi hadi Januari 1988, akafia Oregon akiwa na umri wa miaka 94. Aliwahi kuona gitaa lake likirudi. Mwaka 1955 Josh Graves aliliingiza Dobro katika kundi la Flatt na Scruggs, na mwaka 1985 gitaa la National lilikaa kwenye jalada la albamu ya Dire Straits, Brothers in Arms, ambayo wengi wetu tuliinunua kaseti yake bila kujua ile chuma inayong'aa ni nini.

Turudi mezani kwangu. Mzee alihitaji pikapu. Sisemi gari la mizigo, nasema kile kinachonasa mtikisiko wa nyuzi. Nilitumia visahani vya piezo vilivyotolewa kwenye saa za mezani za kengele. Kinapokunjwa kidogo kinatoa umeme, jambo lililogunduliwa na ndugu wawili, Jacques na Pierre Curie, mwaka 1880. Kukilehemu kunataka haraka, kwani joto jingi linaua upande mweupe. Ardhi huwekwa upande wa shaba, na waya uwe wenye ngao.

Nililegeza nyuzi kwanza, maana ndizo zinazoikandamiza koni mahali pake. Kisahani nilichobandika kwenye kifuniko kilinipa mlio wa bati tu. Nilipokiweka kwenye koni yenyewe, uzito wake uliibana na mlio ukafa. Hapo nilitoa jasho, kwa sababu koni ikikunjamana hainyooki tena. Mwisho nilikibandika chini ya mguu wa buibui, karibu na katikati, kwa utepe mwembamba. Mlio wa mzee ukatoka.

Bado ulikuwa mwembamba. Piezo haitaki kubebeshwa mzigo, na ukiichomeka moja kwa moja kwenye mikisa ya kanisa, besi yote inapotea. Nikatengeneza kisanduku chenye transista moja ya FET, rezista ya megaomu 1 mlangoni, na betri ya volti 9.

Jumapili iliyofuata nilikaa benchi la nyuma. Wimbo wa kwanza spika zilipiga mluzi, kwa sababu koni husikia spika kama inavyosikia nyuzi. Nikamwomba mzee asogeze kiti hatua tatu upande wa madhabahu. Wimbo wa pili mpiga kinanda aligeuka kumtazama, kisha akapunguza sauti yake mwenyewe. Lile tundu la ubavuni tulilolirithi kwa fundi wa kwanza ndimo ulimopita waya. Mzee amelipa nusu, na nusu iliyobaki tumekubaliana mwisho wa mwezi.