Nyama Yangu na Baruti Yake

Nimesoma habari za Wazungu wengi waliotoka Mombasa na wapagazi wetu kwenda bara kutafuta ndovu, na kati yao sioni ambaye maisha yake yalifungwa na baruti kuliko Arthur Neumann. Alikuwa Mwingereza, aliyezaliwa mwaka 1850, akaenda Natal angali kijana, na mwaka 1890 akafika pwani yetu kuitumikia kampuni ya Kiingereza iliyokuwa ikitawala. Mwishoni mwa 1893 alifunga safari yake mwenyewe, safari ya pembe. Alipewa jina la Nyama Yangu. Nadhani jina hilo lajieleza.

Kituo chake kikubwa kilikuwa Mthara, katika nchi ya Wameru, chini ya milima ya Nyambene. Siku zile misafara ya pwani ilipita Ukambani, ikavuka Mto Tana, ikaingia nchi hizi za mashariki ya Mlima Kenya tuziitazo leo Meru na Embu. Neumann alinunua chakula kwa wenyeji, akakaa nao kwa amani, kisha akashuka nyikani kuwinda.

Basi hapa yafaa msomaji ajue shida ya baruti. Wazee wetu wenye gobori walimimina baruti nyeusi kwa pembe, wakashindilia kwa mdeki. Baruti hiyo ni shura sehemu 75 katika mia, makaa 15 na kiberiti 10. Chembe zikiwa kubwa huungua polepole, zikiwa ndogo huungua upesi. Kasiba fupi ni raha porini kwa sababu hainasi matawini, lakini baruti ya polepole haimalizi kuungua ndani yake: nusu hutoka nje ikawa moto na kishindo, na risasi ikaenda dhaifu. Ukitia baruti ya upesi, risasi hupata nguvu mapema. Ila ukizidisha kipimo kidogo tu, chuma hupasuka usoni pako. Kwa hiyo mwenye kujijazia risasi alipima kama mfanyaji dawa, na asiyepima alijuta.

Neumann alikuwa na bunduki nzito ya .577 ya baruti nyeusi. Bunduki za namna hiyo zilikula karibu gramu 10 kwa risasi moja, zikampiga mtu bega, na moshi wake ukatanda kichakani hata asimwone ndovu aliyejeruhiwa anakuja upande gani. Wangapi waliuawa na moshi wao wenyewe!

Akachukua pia Lee-Metford ya .303, bunduki ya askari, ambayo wawindaji wengi waliicheka kwa udogo wake. Bunduki hiyo ilianza kwa baruti nyeusi ya gramu nne na nusu. Kisha ikaja kodaiti, nyuzi nyembamba zilizofanywa kwa nitrogliserini, pamba ya baruti na vaselini kidogo. Gramu mbili zake zilifanya kazi zaidi ya zile nne na nusu, na bila ya moshi. Nayo ilikuwa na aibu zake. Ilikula mifuo ya kasiba, na katika jua kali nguvu yake hupanda, hata watengenezaji baadaye wakapunguza kipimo kwa risasi za kupelekwa Bara Hindi na Afrika. Neumann aliipenda kwa kuwa risasi yake ilipenya mbali na alipolenga ndipo ilipopiga.

Lakini baruti nzuri haina faida isipowaka. Mwanzoni mwa 1896, karibu na ziwa tuliitalo leo Turkana, ndovu jike alimjia mbio. Neumann alimlenga na hiyo Lee-Metford, akavuta, isilie. Ndovu alimwangusha, akamtoboa mkono kwa pembe na kumponda mbavu. Siku hizo hizo mtumishi wake Shebane alikuwa ameliwa na mamba mbele ya macho yake. Walioulea mwili wa bwana yule, wakamlisha na kumbeba, ni watu wa pwani. Wangeweza kumwacha, pembe zilikuwa mikononi mwao na Mombasa ilikuwa mbali miezi. Hawakumwacha. Mimi hapo ndipo ninapoiona fahari ya habari hii, kuliko katika hesabu ya ndovu.

Mwaka huo huo alirudi Mombasa hai, pembe zake zikiwa pamoja naye, na mwaka 1898 akatoa kitabu cha safari zake. Mwaka huo pia Rigby wa London alitoa bunduki nzito ya .450 ya kodaiti, na ubishi wa moshi ukaanza kwisha. Baada ya vita vya Makaburu Neumann alirejea, akawinda tena kaskazini ya Mlima Kenya, mpaka sheria za wanyama zikambana. Akaondoka 1906. Mwaka uliofuata alikufa London, kwa mkono wake mwenyewe.