IMAMU SHAFI NA KUTAFUTA ILIMU

Imamu Muhammad bin Idris Shafi, Mwenyezi Mungu amrehemu, alizaliwa Ghaza, nchi ya Sham, mwaka 150 wa Hijra (767). Babaye alifariki yeye yungali mdogo; mamaye akamchukua Makka kwa jamaa zake Makureshi.

Mama huyo hakuwa na mali ya kumlipa mwalimu. Mwalimu akaridhika kwa kuwa mtoto huyu alimshikia chuo kila alipoondoka, akiwasomesha wenziwe. Karatasi hakuipata, akaandika mafunzo yake juu ya mifupa.

Alipokwisha kuhifadhi Kurani alikwenda jangwani kwa kabila la Hudheli, mafasaha wa Waarabu, akajifunza kwao lugha, mashairi na khabari za kale. Haikuwa anasa: Kurani imeshuka kwa lugha hiyo, na asiyejua maneno hajui hukumu. Tena alihifadhi Muwatta, akaenda Madina akausoma mbele ya mtungaji wake, Imamu Malik.

Alifariki Misri mwaka 204 (820), akaacha Risala, kitabu cha misingi ya sharia, na madhehebu yanayofuatwa na watu wengi wa mwambao hata leo.

Basi mzazi asimtoe mwanawe chuoni kwa udhuru wa ufukara. Imamu huyu alianza kwa mifupa.