Ayrton Senna na Mguu Uliojua Breki

Vijana wanaopenda magari wana ubishi mmoja usioisha: kwenye mbio, kati ya ABS na mguu wa dereva, nani anafunga breki vizuri zaidi? Upande mmoja unasema kompyuta haichoki wala haiogopi. Upande wa pili unasema dereva wa kweli hahitaji kushikwa mkono. Ukitaka kuuelewa ubishi huu, fuatilia maisha ya Ayrton Senna, Mbrazili aliyefariki mwaka 1994, maana yalipita katikati yake kabisa.

Alizaliwa São Paulo tarehe 21 Machi 1960. Kwao pesa haikuwa shida. Baba yake, Milton da Silva, alimpatia kigari cha kwanza akiwa na miaka 4, chenye injini ya mashine ya kukatia majani. Akiwa na miaka 13 akaanza kushindana kwenye gokati, vile vigari vidogo vinavyokaa karibu kugusa lami. Gokati za wakati ule zilikuwa na breki kwenye ekseli ya nyuma tu. Ukikanyaga vibaya, kigari kinageuka nyuma mbele, na hakuna wa kumlaumu. Inasimuliwa kwamba baada ya kufanya vibaya kwenye mbio za mvua, yule kijana akawa kila mvua ikinyesha anatoka kwenda kufanya mazoezi wakati wenzake wanakimbilia ndani. Mwaka 1979 na 1980 alishika nafasi ya pili katika ubingwa wa dunia wa gokati.

Mwaka 1981 alihamia Uingereza kushindana kwenye madaraja ya chini, na mwaka 1983 akawa bingwa wa Formula 3 wa huko. Mwaka uliofuata aliingia langalanga na timu ndogo ya Toleman. Kule Monaco, kwenye mvua kubwa, alikuwa nafasi ya pili na anamkaribia Alain Prost kwa kasi pale mbio ziliposimamishwa. Mwaka 1985, akiwa na Lotus, alipata ushindi wake wa kwanza huko Estoril, Ureno. Mvua tena! Kumbe yale mazoezi ya utotoni hayakupotea bure.

Hapa tusimame kidogo tuelewane kuhusu breki zenyewe. Tairi linashika lami vizuri zaidi linapokaribia kukwama huku bado linazunguka. Likikwama kabisa linaserereka: gari linachelewa kusimama, usukani hausikii, na tairi linasuguka sehemu moja mpaka linapata kipara. ABS, ambayo Bosch waliiingiza kwenye Mercedes-Benz S-Class mwaka 1978, inazuia hilo. Sensa zinapima mzunguko wa kila gurudumu, na gurudumu likitaka kukwama kompyuta inalegeza breki na kuikaza tena, mara nyingi ndani ya sekunde moja. Tena inaweza kulegeza gurudumu moja peke yake. Mguu wa binadamu hauwezi hilo hata ufundishwe vipi, kwa sababu una pedeli moja kwa magurudumu manne.

Sasa dereva asiye na ABS anafanyaje? Gari la langalanga likiwa kwenye kasi kubwa linakandamizwa chini na upepo unaopita kwenye mabawa yake, kwa hiyo mwanzoni unaweza kukanyaga breki kwa nguvu zako zote. Kadiri kasi inavyopungua, upepo nao unapoteza nguvu, na usipolegeza mguu kwa kipimo, tairi linakwama. Kwenye magari yenye gia za mkono kuna kazi nyingine juu ya hiyo: mguu wa kulia unakanyaga breki na wakati huohuo unagusa mafuta, ili injini ipandishe mzunguko kabla ya gia kushuka. Usipofanya hivyo, magurudumu ya nyuma yanashtuka. Yote hayo kwa sekunde chache, kabla ya kila kona, mbio nzima.

Kwa mguu huo Senna alitwaa ubingwa wa dunia na McLaren mwaka 1988, 1990 na 1991. Katika mashindano 161 alishinda 41, na mara 65 alianza akiwa wa kwanza mstarini. Monaco, ambako kuta ziko hatua chache kutoka kwenye tairi, alishinda mara 6.

Kipindi hichohicho Honda, waliokuwa wanatengeneza injini za McLaren, walimshirikisha kwenye majaribio ya gari lao jipya la michezo, NSX. Ipo video yake maarufu akiendesha NSX huko Suzuka, Japani, amevaa viatu vya kawaida vya kutembelea na soksi nyeupe, na kamera imeelekezwa miguuni. NSX ilikuwa na ABS ya kila gurudumu kivyake. Lakini angalia miguu ile: inacheza kwenye breki na mafuta kama vile hakuna kompyuta yoyote ya kuisaidia. ABS ipo, ila kazi ya kujua wapi pa kuanza kufunga breki na lini pa kuachia bado ni ya jamaa mwenyewe.

Basi ikaja miaka ya kompyuta. Mwaka 1992 na 1993 magari ya Williams yalikuwa yameacha wengine mbali, yakiwa na springi na shokapu zinazoongozwa na kompyuta na mfumo wa kuzuia tairi kuzunguka bure. Gari la 1993 likaongezewa na ABS. Senna hakuficha kwamba mitambo hiyo haimpendezi, kwa kuwa ilipunguza tofauti kati ya dereva na dereva. Lakini hapohapo alilitaka sana gari la Williams, hata akajitolea kuliendesha bila malipo. Haikuwezekana, maana Prost alikuwa ameshachukua kiti na hakutaka kukaa naye timu moja. Senna akabaki McLaren, yenye injini dhaifu zaidi ingawa nayo ilikuwa na kompyuta zake. Aprili 1993, huko Donington kwenye lami iliyolowa, alishuka hadi nafasi ya tano baada ya kuanza, na kabla mzunguko wa kwanza haujaisha alikuwa anaongoza. Alishinda mbio 5 mwaka huo. Ubingwa ulikwenda kwa Prost.

Mwaka 1994 mambo mawili yalitokea pamoja. Senna alipata kiti cha Williams, na sheria mpya zikapiga marufuku mitambo hiyo, ABS ikiwemo. Gari alilolitamani likawa gumu kulimudu. Hata hivyo alianza wa kwanza mstarini katika mashindano yote matatu ya mwanzo. La tatu lilikuwa Imola, Italia. Jumamosi dereva Roland Ratzenberger wa Austria alikufa kwenye mchujo wa kupanga nafasi za kuanzia. Jumapili, tarehe 1 Mei, gari la Senna liliacha njia kwenye kona ya Tamburello likiwa na kasi ya karibu kilomita 310 kwa saa. Kumbukumbu za kompyuta ya gari zilionyesha kwamba alifunga breki kwa nguvu, lakini aligonga ukuta akiwa bado juu ya kilomita 200. Alikuwa na miaka 34. Kesi ya chanzo cha ajali iliendelea mahakamani Italia kwa miaka mingi, na hoja kubwa ilikuwa mhimili wa usukani uliokatika.

Leo langalanga bado haina ABS. Magari ya GT3 yanayo, na dereva anachagua kiwango chake kwa kuzungusha kitufe. Kwa hiyo ubishi ule unategemea uko wapi. Barabarani, mtoto akikatiza ghafla, ABS ni mkombozi, usijidanganye na ufundi. Uwanjani inasamehe makosa, na dereva anayesamehewa kila kona atajuaje mguu wake unakosea wapi?

Dada yake Senna, Viviane, alianzisha mwaka huohuo wa 1994 taasisi yenye jina la kaka yake, inayoshughulikia elimu ya watoto wa Brazili. Kwangu mimi ninayesomea ualimu, swali la breki ni la darasani pia. Siku hizi tuna kikokotoo na programu za kutuandikia kazi, na sioni sababu ya kuvitupa. Ila Senna aliyekaa kwenye NSX alikuwa ameshaijua breki tangu kwenye gokati ya mvua. Mwanafunzi anayepewa msaada kabla hajajifunza kukanyaga mwenyewe, siku msaada ukiondolewa atashikilia nini?