Martin Couney

Martin Couney (Krotoschin, Prussia, leo Krotoszyn nchini Poland, 29 Desemba 1869 – New York, Marekani, 1 Machi 1950) alijulikana kwa kuwatunza watoto njiti, yaani waliozaliwa kabla ya wakati, katika inkubeta zilizowekwa kwenye maonyesho.

Maisha

Alizaliwa katika familia ya Kiyahudi kwa jina la Michael Cohn. Alijitambulisha kuwa daktari na mwanafunzi wa Pierre Budin wa Paris, lakini watafiti wa baadaye hawakupata uthibitisho kwamba alisomea udaktari. Mke wake, Annabelle Maye, alikuwa muuguzi. Binti yao Hildegarde, aliyezaliwa njiti mwaka 1907, alilelewa katika inkubeta, na alipokua akawa muuguzi pamoja na baba yake.

Kazi

Mwaka 1897 alionyesha inkubeta mjini London, na mwaka uliofuata Omaha, Marekani. Kuanzia 1903 hadi 1943 aliendesha maonyesho kila majira ya joto huko Coney Island, eneo la starehe ufukweni mwa New York.

Wakati huo hospitali nyingi za Marekani hazikuwa na vifaa wala wauguzi kwa ajili ya njiti, na wengi waliachwa wafe. Couney aliwapokea bila kuwatoza wazazi chochote. Gharama zilitokana na viingilio vya watazamaji, ambavyo kwa miaka mingi vilikuwa senti 25.

Njiti hupoteza joto upesi kwa sababu hana mafuta ya kutosha chini ya ngozi. Inkubeta zilipashwa joto kwa maji ya moto na kuingiza hewa iliyochujwa. Couney alisisitiza pia usafi, maziwa ya wanawake wanyonyeshaji na uangalizi wa wauguzi usiku na mchana.

Wapinzani walimlaumu kwa kufanya watoto wagonjwa kuwa burudani. Mwaka 1911 moto uliteketeza bustani ya Dreamland, lakini watoto wote waliokolewa.

Urithi

Inakadiriwa kwamba kati ya watoto 8,000 aliowapokea, 6,500 hivi walipona. Daktari Julius Hess wa Chicago, aliyefungua kituo cha njiti mwaka 1922, alikiri kujifunza kwake. Mwaka 1943 hospitali ya Cornell mjini New York ilipofungua wodi ya njiti, Couney alifunga maonyesho yake. Alifariki akiwa na mali kidogo.

Mashine za kupumulia na dawa za kukomaza mapafu zilikuja baadaye. Kwa hiyo waliozaliwa mapema mno bado walikufa kwa wingi.