Joginder, fundi aliyewashinda wenye viwanda

KWA shabiki aliyechoshwa na Formula One, ambako mwaka 2023 Max Verstappen alishinda mbio 19 kati ya 22, maisha ya Joginder Singh yana ladha nyingine.

Mzaliwa huyo wa Kericho, Kenya, mwaka 1932, alikuwa fundi wa magari jijini Nairobi. Mwaka 1965, akiwa na ndugu yake Jaswant, alishinda Safari Rally kwa Volvo kuukuu iliyokwishatumiwa na timu ya kiwanda.

Mwaka 1974, katika matope ambayo dereva wa lori aliyepita Makambako hadi Njombe enzi za barabara ya udongo angeyatambua, Lancer yake ndogo iliitangulia Porsche ya Björn Waldegård. Taji la tatu lilikuja 1976. Alifariki London, 2013.